Mguu Mmoja Ulivimba, Wakasema Ametegwa: Yaliyomkuta Mpambaji wa Maharusi wa Kihesa

Majina hayatajwi hapa. Wenyewe wameomba iwe hivyo, halafu Iringa ni mji mdogo, ukitaja nusu ya jina watu wanakumalizia. Itoshe kusema mume ni MC, na mke ni mpambaji wa maharusi mwenye saluni yake Kihesa, si mbali na sokoni. Kama umewahi kuhudhuria harusi Iringa, au Mafinga, au hata Makambako huko, kuna uwezekano mkubwa umeshacheka kwa mdomo wa mume na umeshapiga picha na bibi harusi ambaye sura yake ilitoka kwenye mikono ya mke.

Sasa kuna ile picha. Walioiona watajua ni ipi.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi la Iringa lile linalokuingia mpaka kwenye meno, na bibie alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Wenzake wa saluni wakamfanyia bebi shawa ya nguvu, ukumbi umepambwa pichi na dhahabu, keki ghorofa tatu. Yeye mwenyewe alivaa gauni refu lenye mpasuo upande mmoja, si unajua tena mtu wa urembo hata akiwa na tumbo la miezi minane lazima aonekane. Kwenye ule mpasuo ukatokeza mguu wa kushoto. Umevimba. Umevimba kuanzia kwenye paja mpaka kifundoni, unang'aa kama umepakwa mafuta.

Mume akashika maiki. Kazi yake ni kuchekesha, na pale alikuwa nyumbani kwake kabisa. Akasema, "Jamani, mimi nilitoa mahari ya mguu wa bia, mbona naona nimeletewa kreti zima?"

Ukumbi ulilala chini kwa kicheko. Bibie naye alicheka, tena mpaka machozi yakaharibu wanja. Kipande cha video kikazunguka magrupu yote ya WhatsApp ya mji, picha ikapandishwa Instagram, na chini yake watu wakajaza vikatuni vya tembo. Mamia ya tembo. Katika watu wote wale, waliokuwa ukumbini na waliokuwa kwenye simu, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo tu: mbona mguu ni mmoja?

Kusema ukweli yeye mwenyewe alishauliza. Siku chache kabla ya sherehe alipita kwenye zahanati anayohudhuria kliniki, akamwambia nesi, "Sista, mguu huu unanivuta, na huku kwenye kinena panauma." Wakampima presha, nzuri. Wakapima mkojo, hauna shida. Akaambiwa mimba ya kwanza ndivyo ilivyo, miguu inavimba, akilala aiweke juu ya mto. Ushauri huo si wa kijinga. Wajawazito wengi sana wanavimba miguu, inavimba yote miwili, jioni inajaa, asubuhi inapungua, na hawapatwi na chochote. Nesi anaona miguu ya namna hiyo kila siku. Ila mguu wa huyu dada ulikuwa mmoja, wa kushoto, asubuhi haupungui, unauma, na ukiugusa una joto kuliko mwenzake. Hayo manne hakuna aliyeyaweka pamoja.

Basi siku zikafika. Mtoto alikaa vibaya, ikabidi upasuaji. Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, ana sauti kama ya baba yake. Siku ya nne mama na mtoto wakarudi nyumbani Kihesa, na mama mkwe akashuka kutoka Kilolo na kuku watatu, unga wa ulezi, na sufuria kubwa la kuchemshia maji ambalo inasemekana limekanda wazazi wote wa ukoo.

Hapa inabidi tumtendee haki mama mkwe, kwa sababu watu wakisikia hii stori huwa wanamrukia yeye. Yule mama aliamka saa kumi usiku kila siku, kwenye baridi lile, akakoka moto. Alipika uji, alifua nguo za mtoto, hakumwacha mkwewe anyanyuke hata kuchukua kikombe. "Kamwene mwanangu, lala, mzazi hatembei tembei." Arobaini kwake ni arobaini. Na alipoona ule mguu bado umejaa, alifanya alichofanyiwa yeye na mama yake: akachovya taulo kwenye maji ya moto, akaukanda. Kuanzia chini kwenda juu. Asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote, kwa nguvu zote za mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote.

Wakati huo mtaani mambo yalishakuwa mengine. Saluni imefungwa, bibie haposti, kwa hiyo watu wakaanza kujaza wenyewe. Wengine walisema ameachika. Wengine wakasema anaringa, mtoto hataki aonekane. Halafu likaja lile la kukaa: ametegwa. Eti kuna mpambaji mwenzake wa mjini aliyenyang'anywa wateja, akamwekea kitu mlangoni mwa saluni, akakikanyaga kwa mguu wa kushoto. Jirani mmoja akaja mpaka na jina la mganga na nauli ya kwenda. Mume hakwenda, lakini pesa ya dawa ya kupaka aliitoa. Usimcheke. Kliniki imesema ni kawaida, mguu unasema si kawaida, mtu afanye nini? Mahali penye pengo la maelezo, uchawi unaingia bila kubisha hodi.

Siku ya tisa baada ya kujifungua mume alikuwa Mafinga, kilomita kama 80 kutoka nyumbani, anaendesha harusi. Bibie akaanza kusikia kichomi upande wa kulia wa kifua. Akivuta pumzi kinachoma, akiikata kinaachia. Wakasema ni baridi. Akapewa tangawizi, akaongezewa blanketi. Saa sita usiku akasema, "Mama, hewa haitoshi." Mama mkwe akafungua dirisha, baridi lote la Kihesa likaingia ndani, na hewa bado haitoshi. Moyo unakimbia kama wa mtu aliyepanda mlima. Akanyanyuka aende msalani, hatua tatu, akaanguka.

Yule mama wa Kilolo, ambaye hajui hata kupiga simu bila kusaidiwa, alitoka nje peku akapiga kelele mpaka geti la tatu likafunguka. Kijana wa bajaji akatoka amevaa kaptula. Wakambeba bibie na blanketi lake, mtoto akabaki kwa jirani, yule yule wa mganga, na kumbe ana moyo mzuri tu. Huko hospitali kubwa walifika hana uwezo wa kumaliza sentensi.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Akamwekea oksijeni, akamsikiliza mapafu, halafu akafunua blanketi akaangalia miguu. Akaomba futi ya kupimia. Haikuwepo karibu, mtu akatoka nayo wodini. Akapima mguu wa kulia chini ya goti, akapima wa kushoto sehemu ile ile. Tofauti ilikuwa sentimita nne. Hakusubiri asubuhi. Sindano ya heparini ikachomwa usiku ule ule, na kulipokucha ultrasaundi ikaonyesha donge la damu limeziba mshipa mkubwa wa paja la kushoto. Vipande vyake vilikuwa vimeshamegeka na kusafiri mpaka kwenye mapafu. Hicho ndicho kilikuwa kichomi.

Namna linavyotokea ni hivi. Mwanamke akiwa mjamzito, damu yake inabadilika na kuwa nyepesi kuganda. Si ugonjwa, ni mwili unajiandaa, maana siku ya kuzaa kuna kutoka damu na isipoganda haraka mtu anaisha. Lakini damu ile ile iliyo tayari kuganda siku hiyo ipo mwilini miezi yote tisa na wiki kadhaa baadaye. Hapo hapo tumbo la uzazi linakandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, damu inatembea polepole. Na kwa nini kushoto? Kwa sababu upande huo mshipa unaorudisha damu ya mguu umelaliwa juu na mshipa mwingine unaopeleka damu mguu wa kulia, kwa hiyo unabanwa mara mbili. Ndiyo maana mabonge mengi ya wajawazito yanakaa mguu wa kushoto. Hamna tego hapo. Ni njia tu za mishipa.

Kwa ujumla hatari ya mjamzito kupata bonge ni kama mara nne au tano ya mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Bado ni jambo la nadra, linampata mmoja au wawili kati ya wajawazito 1,000. Wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ndizo hatari zaidi, na upasuaji unaongeza, na kulala bila kutembea kunaongeza tena. Sasa jumlisha: upasuaji, arobaini ya kulala kitandani, mguu uliokwisha kuziba tangu siku ya bebi shawa. Halafu maji ya moto na mikono inayosukuma kuelekea juu. Mguu wenye bonge haukandwi, haukandamizwi, hauchuliwi, kwa sababu bonge linaweza kung'oka likaenda juu.

Na usidhani haya ni ya watu wa Kihesa wasiokuwa na hela. Serena Williams unamjua. Januari 2017 alichukua ubingwa wa Australia akiwa na mimba changa tumboni, bila kupoteza hata seti moja. Tarehe 1 Septemba mwaka huo akajifungua binti yake Olympia kwa upasuaji wa dharura, huko Florida. Kesho yake pumzi ikaanza kukata. Yeye mabonge ya mapafu alishayapata mwaka 2011, kwa hiyo alijua kabisa ni nini. Akamwambia nesi anataka CT scan na dripu ya heparini, sasa hivi. Nesi akadhani labda dawa za maumivu zimemchanganya. Daktari akaja kupima miguu kwa ultrasaundi, miguu haina kitu. Serena akang'ang'ania ile CT scan. Walipomwingiza, mapafu yalikuwa na vipande vya mabonge. Na bado haikuisha, alikohoa mpaka kidonda cha upasuaji kikafumuka, tumboni damu ikavuja kwa sababu ya dawa ya kuzuia kuganda, akarudishwa chumba cha upasuaji, na wiki sita za mwanzo za umama alikuwa kitandani. Alisimulia mwenyewe kwenye jarida la Vogue mwaka 2018. Tajiri, maarufu duniani kote, na bado ilibidi apiganie kusikilizwa. Mzazi wa kawaida anayeogopa kumsumbua nesi anasimama wapi?

Mishipa ya damu ina vituko vingine kipindi hicho, nadra zaidi ya hilo la mguu. Bonge linaweza kukaa kwenye mishipa ya kichwa, mzazi anaumwa kichwa siku nyingi kisichosikia panado, anaona maruweruwe au anapata degedege, watu wanasema amerukwa na akili. Ukuta wa mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo unaweza kuchanika, maumivu yanapasua kifua mpaka mgongoni. Hata mshipa unaolisha bandama unaweza kuvimba kama puto na kupasuka miezi ya mwisho. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na hilo la mwisho hata mara moja. Kwetu kinachoua wazazi zaidi ni kutoka damu na kifafa cha mimba, na huko kazi kubwa imefanyika, maana takwimu za taifa zilionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Mambo ya nadra yanajificha nyuma ya hayo makubwa. Presha iko sawa, mkojo uko sawa, nenda nyumbani.

Turudi wodini. Mume alifika alfajiri na suti ya harusi, ua bado liko kifuani. Daktari akamuuliza uvimbe ulianza lini. Akababaika, halafu akatoa simu, akafungua picha. Daktari akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda. Chini ya picha wale tembo bado wapo, na juu kabisa maneno yake mwenyewe ya kreti zima. Daktari hakusema kitu. Akamrudishia simu. Mume alikwenda kukaa ngazi za nje mpaka jua likatoka.

Mama mkwe yeye alikuwa na lake. Aliposikia nesi anasema mguu usikandwe, alitulia kwanza. Halafu akaanza kulia ule ulio wa chini chini, wa mtu mzima. "Mtoto wa mwenzangu nimemuua kwa mikono yangu hii." Daktari akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Mama, hujaua mtu. Bonge lilikuwepo kabla hujafika, na hakuna anayejua kama ni kukanda ndiko kulikoling'oa, huwa yanang'oka yenyewe. Ila ninachokijua ni kwamba usingepiga kelele usiku ule, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine." Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuridhika. Ukimuona leo bado hajaridhika. Sufuria lile amelirudisha Kilolo.

Bibie alikaa hospitali karibu wiki mbili. Sindano za tumboni, baadaye vidonge vya warfarini na kupimwa damu kila mara kuona kama imekuwa nyepesi kupita kiasi au bado nzito. Akaambiwa kunyonyesha aendelee tu, dawa hiyo haimdhuru mtoto anayenyonya, ila asishike mimba akiwa anaimeza, maana kwa mtoto aliye tumboni hiyo ni hatari. Akaambiwa pia vile vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni si vyake tena, vinaongeza kuganda, atafute njia nyingine. Na mimba ijayo, Mungu akijalia, kliniki ya kwanza tu aseme hii habari, atahitaji kuchomwa sindano za kinga. Kuna wadada wengi wanasoma hapa waliowahi kuvimba mguu mmoja wakiwa wanatumia vidonge, au ambao dada au mama yao alipata bonge. Hiyo inatajwa kliniki hata kama hujaulizwa.

Ikitokea usiku na bajaji hakuna, kuna namba 115, ya bure, ya mfumo wa m-mama ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa Aprili 2022. Ni usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Pale nyumbani Kihesa usiku ule hakuna aliyeikumbuka. Sasa hivi imeandikwa kwa kalamu ya wanja kwenye fremu ya mlango.

Mume aliifuta ile picha na video. Kwa kuifuta kwake mtaa ukapata cha kusema: unaona, kweli wameachana. Kazini alirudi baada ya miezi miwili, na wanaomfahamu wanasema bado anachekesha, ila maumbile ya mtu hayagusi tena. Bwana mmoja wa kamati alimwomba arudie ile ya kreti kwenye harusi ya mdogo wake, akampa na pesa ya ziada. Pesa aliirudisha.

Na bibie? Saluni imefunguliwa. Anapamba amekaa kwenye kiti cha magurudumu kile cha ofisini, mguu wa kushoto umevaa soksi ndefu ya kubana mpaka gotini. Wateja wanamuuliza kama ni fasheni, anawajibu ndiyo, imetoka Dubai. Mguu haujarudi kama ulivyokuwa, akisimama sana unajaa, na daktari alimwambia huenda ukabaki hivyo. Picha aliyofuta mumewe yeye anayo kwenye simu yake, hajawahi kuifuta.

Juzi kati hapa aliingia mteja mjamzito, anataka kutengenezwa kwa ajili ya bebi shawa yake Jumamosi. Amevaa dera, amechoka, anacheka cheka tu. Bibie akaacha brashi, akavuta droo, akatoa futi ya fundi cherehani.

"Kaa kwanza, mdogo wangu. Nyoosha miguu. Yote miwili."